Kupanda Gari la Moshi la Milimani Meli Ingali Bandarini

Siku hizi jamaa zetu wengi walioko Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, wakipata likizo ya wiki moja au mbili, hupenda kupanda zile meli kubwa za matembezi ambazo leo ziko bandari hii na kesho bandari ile, na abiria hulala na kula humo humo. Wazee wao wakija kuwatembelea kutoka Mombasa, Unguja au Dar es Salaam huchukuliwa nao. Mimi pia nilichukuliwa hivyo na binti yangu na mumewe, pamoja na mama yao na wajukuu watatu, tukaenda Norwei. Tangu kurudi kwangu wazazi wa wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi namna tulivyopanda gari la moshi la milimani kwa mipango yetu wenyewe, bila ya kununua matembezi yanayouzwa na meli. Nimeona afadhali niyaandike mara moja, ili kila mwenye nia ayasome kabla ya kutoa fedha yake.

Kwanza tujue mahali penyewe. Norwei ni nchi ambayo upande wake wa magharibi umechanwachanwa na bahari. Maji ya chumvi yameingia ndani ya bara baina ya milima mirefu, na mikono hiyo ya bahari huitwa fiodi. Iliyo kubwa kupita zote ni Sognefjord, ambayo urefu wake ni zaidi ya kilometa 200, na kina chake hupita mita 1,300. Hii nayo ina matawi, na mojawapo ni Aurlandsfjord. Na mwisho kabisa wa tawi hilo, pale bahari inapokoma na bonde kuanza, pana kijiji kiitwacho Flåm. Kijiji chenyewe kina wakazi mia chache tu. Lakini katika siku za kiangazi meli moja huteremsha maelfu ya watu hapo kwa asubuhi moja, na karibu kila mmoja wao amelijia jambo moja: gari la moshi.

Nalo nimeliita gari la moshi kwa mazoea ya lugha yetu, ingawa moshi hakuna tena. Tangu mwaka 1944 laenda kwa umeme. Njia yake ni kilometa 20 na kidogo. Stesheni ya chini iko mita 2 tu juu ya usawa wa bahari, na stesheni ya juu, iitwayo Myrdal, iko kama mita 867. Msomaji aliyezoea reli ya zamani ya kutoka Mombasa hadi Nairobi atafahamu ajabu yake akilinganisha: reli yetu ile ilipanda kiasi cha mita 1,660 katika mwendo wa kilometa 530, na hii hupanda zaidi kidogo ya nusu ya kimo hicho katika kilometa 20 tu. Sehemu kubwa ya njia hupanda mita 1 kwa kila mita 18 za mwendo, wala hakuna meno ya chuma katikati ya reli ya kulishika gari lisiteleze. Ni magurudumu na reli za kawaida. Kazi ya kuijenga ilianza mwaka 1924, na magari ya kwanza ya mizigo yakapita Agosti 1940, nchi ikiwa tayari imeshikwa na majeshi ya Ujerumani. Yapo matundu 20 yaliyotobolewa katika mwamba, na 18 kati ya hayo yalichimbwa kwa mikono ya watu na baruti, bila ya mashine. Tutarudi juu ya gari lenyewe. Kwanza tuseme habari ya fedha na ya wakati, maana ndipo watu hupotea.

Meli zote za matembezi huuza safari za nchi kavu. Abiria hulipa katika dawati la meli, hupewa karatasi, na wakifika bandarini huongozwa na mtu mwenye kibao mkononi mpaka kwenye gari. Katika Flåm safari inayouzwa na meli na safari anayoipanga mtu mwenyewe hupita katika reli ile ile moja, kwa kuwa hakuna reli nyingine, na huyatazama maji na milima ile ile. Bei ya meli lakini huwa ya juu zaidi, na kwa familia ya watu saba tofauti hiyo si ndogo. Mkwe wangu alipoona hesabu alisema, "Baba, huu si wizi?" Nikamwambia, "La, mwanangu, si wizi. Wanauza kitu kingine pamoja na tiketi, nasi yatupasa tujue ni kitu gani kabla ya kusema ni ghali."

Kitu hicho ni dhamana. Mtu aliyenunua safari ya meli, ikiwa gari litachelewa njiani, nahodha humngoja, au ikishindikana kumngoja, kampuni humfikisha bandari inayofuata kwa gharama yake. Aliyekwenda kwa mipango yake mwenyewe hangojwi. Saa ikifika ngazi huinuliwa, kamba hufunguliwa, na meli huondoka nguo zake na dawa zake zikiwa chumbani. Zaidi ya hayo, upepo ukiwa mkali nahodha aweza kuipita bandari bila kuingia. Mwenye safari ya meli hurudishiwa fedha, na mwenye tiketi yake binafsi hubaki na tiketi ya gari ambalo hatalipanda, isipokuwa kama masharti ya muuzaji yaruhusu kurudishiwa. Basi kabla ya kuamua, mtu ajiulize: dhamana hii ina thamani gani katika bandari hii? Maana haina thamani moja kila mahali.

Katika Flåm thamani yake ni ndogo, nami nasema hivyo kwa sababu tatu. Stesheni iko karibu na gati kiasi cha mwendo wa dakika chache kwa miguu, hata mzee mwenye mkongojo. Safari ya kupanda ni takriban saa nzima na ya kushuka kadhalika, kwa hiyo mambo yote hukamilika katika muda wa saa mbili na kitu. Tena katika miezi ya kiangazi magari huondoka mara nyingi kwa siku, na likikosekana moja lipo jingine. Walakini pana jambo moja la kuliogopa: reli ni moja tu, na magari hupishana mahali pamoja, katika stesheni ya katikati iitwayo Berekvam. Gari moja likiharibika juu ya mlima, la nyuma yake nalo husimama. Kwa hiyo mwenye kupanga asipange kana kwamba kila kitu kitakwenda sawa.

Njia tuliyoifuata sisi ni kuihesabu siku kutoka mwisho kurudi mwanzo. Watu wengi huanza na saa ya kuamka na saa ya kunywa chai, kisha hupanda gari linalowapendeza, na mwisho hutazama kama muda watosha. Hii ni kinyume. Chukua mfano huu. Meli yafunga gati saa 2 asubuhi na kuondoka saa 10 u nusu jioni. Saa ya kuondoka si saa yako. Saa yako ni ile iliyoandikwa katika karatasi ya siku kwamba watu wote wawe wamekwisha ingia, ambayo kwa desturi huwa nusu saa kabla. Basi mwisho wako ni saa 10. Ondoa saa 2 za akiba. Sasa ni saa 8 mchana, na saa hiyo yakupasa uwe umekwisha rudi Flåm. Safari ni saa 2, kwa hiyo gari la mwisho unaloweza kulipanda ni la saa 6 adhuhuri. Upande wa asubuhi nako, mpaka maofisa wamalize kazi yao na msongamano wa ngazini upungue, hesabu saa moja u nusu. Umebakiwa na nafasi baina ya saa 3 u nusu na saa 6. Humo mkwe wangu alitaka gari la karibu na saa 6, ili watoto wapate kulala. Mimi nikataka la saa 4. Likiondoka la saa 4 na likachelewa, au mtoto akaugua, au ukaikosa nafasi, lipo la nyuma yake ambalo nalo hurudi kabla ya saa 8. Aliyechagua la mwisho hana la nyuma yake. Tulichukua la asubuhi, na watoto walilala baadaye.

Saa hizi nilizozitaja ni za mfano tu. Ratiba hubadilika kila msimu, na kila mtu aitazame ya mwezi wake. Wala asisahau kuuliza kama meli itafunga gati au itatia nanga. Zikifika meli mbili kwa siku moja, moja huweza kubaki katikati ya maji na watu kuletwa pwani kwa mashua ndogo. Hapo foleni huwa ndefu kwenda na kurudi, na hesabu ile iongezwe saa moja mwanzo na saa moja mwisho.

Katika habari ya saa pana mtego mwingine ambao sisi wenye kusema Kiswahili tunao mara tatu. Ratiba za Ulaya huandikwa kwa kuhesabu toka usiku wa manane mpaka 24. Ukiona 10:00, toa sita, ni saa 4 asubuhi kwetu. Ukiona 14:35, toa sita, ni saa 8 na dakika 35 mchana. Mama yao aliposikia "gari ni la saa kumi" alidhani ni la jioni, akasema kwa hakika tutaachwa na meli. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba saa ya Norwei iko mbele ya saa ya Uingereza kwa saa moja. La tatu ni kwamba nahodha aweza kuamuru saa za melini zifuate saa ya nchi au zibaki kama zilivyokuwa, na jambo hili huandikwa katika karatasi ya siku ambayo wengi hawaisomi. Ikiwa meli imebaki na saa ya Uingereza, basi gari la 10:00 huondoka wakati saa ya ukutani melini yaonyesha 9:00, na mtu aliyeketi akinywa chai atalikosa. Simu ya mkononi haiamuliwi na nahodha. Ikishika mtandao wa pwani hujigeuza yenyewe. Tulilolifanya sisi ni rahisi: usiku wa kuamkia siku hiyo binti yangu aliandika katika kipande cha karatasi saa ya gari na saa ya mwisho ya meli, zote mbili kwa saa ya nchi na kwa hesabu ya Kiswahili pembeni, akampa kila mtu mzima nakala yake.

Tiketi hununuliwa mapema kwa njia ya intaneti, nazo huwa za gari maalumu la saa maalumu. Msidanganywe na maneno ya kwamba mtaipata dirishani mkifika. Katika kiangazi kampuni za meli hujiwekea mabehewa mengi mapema, na nafasi zinazobaki huwahiwa na watu waliokwisha nunua miezi iliyopita. Tuliwaona hapo dirishani watu walioambiwa kwamba hakuna nafasi mpaka alasiri, nao meli yao yaondoka kabla yake. Wakabaki kuzunguka katika maduka ya sweta. Kabla ya kulipa lakini hakikisheni mambo mawili: kwamba tarehe ya meli kufika Flåm ni ile ile mliyoiandika, kwani bandari huweza kubadilishana siku, na kwamba mmekata tiketi ya kwenda na kurudi. Ya kwenda tu itawafikisha Myrdal, mahali pasipokuwa na barabara ya motokaa.

Juu ya pasipoti nitasema kwa ufupi, lakini yasomwe vizuri. Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini tangu mwaka 2001 imo katika mapatano ya Schengen, Uingereza haimo. Mtu mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, hata akiwa na ruhusa halali ya kukaa Uingereza, huhitaji viza ya Schengen apate kushuka. Na mgeni aliyeingia Uingereza kwa viza ya kutembea atazame kama viza hiyo yamruhusu kuingia tena meli itakaporudi Southampton, kwani ya kuingia mara moja huwa imekwisha tumika. Mambo haya huchukua wiki nyingi, nayo yatangulie kabla ya tiketi ya meli yenyewe.

Kipimo cha msafara wetu kilikuwa mama yao, ambaye magoti yake hayapendi ngazi. Yeye ndiye tuliyempimia mwendo, si wajukuu wakimbiao. Tulitoka melini si wa kwanza wala wa mwisho, tukatembea kwa hatua zake, tukafika stesheni ikiwa imebaki dakika 25. Tulichukua mkate, tende na maji tuliyoyanunua. Nyama na vitu vya maziwa tuliviacha, maana sheria ya Norwei hukataza kuviingiza kutoka nchi zilizo nje ya soko la Ulaya, na Uingereza sasa ni mojawapo. Tulichukua pia masweta. Chini palikuwa na joto la kupendeza hata wajukuu wakayacheka masweta hayo, lakini kwa kila mita mia za kupanda hewa hupoa zaidi ya nusu digrii, na juu tulikuta theluji imelala katika vivuli vya miamba. Hakuna aliyecheka tena. Habari ya Sala haikututia taabu: huko katikati ya kiangazi, kwa sababu ya saa yao kusogezwa mbele, Adhuhuri huingia mnamo saa 7 u nusu mchana, na Alasiri saa 12 jioni na kitu; mtu apandaye asubuhi hurudi chumbani kwake na wakati wa Adhuhuri ungali mpana.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe, ambalo ndilo lililotupeleka. Hutoka Flåm taratibu likifuata mto, baina ya mashamba ya majani mabichi na nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Kwa dakika za kwanza mtu hudhani amepunjwa, kwani hajaona la ajabu. Kisha bonde hukaza. Kuta za mwamba hukaribia pande zote mbili, na maji huanza kuonekana yakianguka kutoka juu. Moja ya maporomoko hayo, Rjoandefossen, huanguka mita 140. Mara gari huingia tundu, giza, kisha hutoka, na mto uliokuwa kushoto sasa uko kulia. Nilitafuta daraja tulilovukia, nisilione. Baadaye nikafahamu kwamba wajenzi, badala ya kuipitisha reli juu ya mto kwa madaraja, waliupitisha mto wenyewe chini ya reli katika matundu ya mwamba, na wakafanya hivyo mahali kadhaa. Kwa sababu ya kugeukageuka huku hakuna haja ya kugombania upande wa kuketi. Kinachoonekana dirisha hili kitaonekana dirisha lile. Wajukuu wangu waligombana hata hivyo.

Kupita Berekvam njia huwa kali zaidi, na gari hupanda likijizungusha ndani ya mlima wenyewe: huingia mwamba likielekea huku na kutoka likielekea kule, juu zaidi ya pale lilipoingia. Ukichungulia chini utaiona reli uliyopita, imekuwa nyembamba kama uzi, na pembeni yake barabara ya zamani ya wajenzi imepindapinda kama nyoka. Siku hizi vijana hushuka kwa baisikeli katika barabara hiyo kutoka Myrdal mpaka Flåm. Ni jambo zuri kwa kijana mwenye siku nzima. Abiria wa meli mwenye saa chache asilitie moyoni.

Karibu na kileleni gari husimama kama dakika 5 katika jukwaa la mbao mbele ya maporomoko yaitwayo Kjosfossen. Hapo kila mtu hushuka, na nashauri nanyi mshuke, hata mwenye magoti. Maji hushuka kwa kishindo kinachofuta maneno kinywani, na unyunyizi wake hulowesha nguo na miwani. Kwa ajili ya reli hii kulijengwa hapo kituo cha kutoa umeme kwa nguvu za maji hayo. Katika kiangazi hutokea mambo ya kuwachangamsha wageni: muziki husikika, na mwanamke mwenye vazi jekundu huonekana juu ya mawe akicheza, kisha hutoweka na kutokea mahali pengine. Wanorwei katika hadithi zao za kale humwita kiumbe huyo huldra, mwanamke wa msituni mwenye mkia wa ng'ombe awapotezaye watu njia. Mjukuu wangu wa kati akanishika kanzu akauliza, "Babu, ni jini?" Nikamjibu kwamba ni mfanyakazi mwenye mshahara, na kwamba huenda wako wawili, ndiyo maana hutokea upesi huku na huku. Mimi kwa upande wangu maji peke yake yalinitosha.

Myrdal si mji. Ni stesheni juu ya mlima, upepo, na mkahawa mdogo. Lakini ni njia panda, maana hapo hupita reli kubwa ya kutoka Oslo mpaka Bergen iliyofunguliwa mwaka 1909. Kwa hiyo wenye watoto na wawe macho: magari ya njia mbili husimama katika stesheni moja, na mtoto akipanda jingine kwa pupa atateremkia Oslo jioni. Sisi tuliwashika mikono. Baada ya muda mfupi gari letu likaanza kushuka. Mama yao akauliza kama halitateleza. Kichwa cha kuvuta kipo mbele na kingine kipo nyuma, na katika kushuka gari haliruhusiwi kupita kilometa 30 kwa saa. Ni mwendo wa baisikeli. Wengi waliokuwa wakipiga picha wakati wa kupanda walisinzia wakati wa kushuka. Mimi niliona vizuri zaidi wakati wa kushuka, kwa kuwa hakuna aliyesimama mbele ya dirisha.

Nimekwisha sema kwamba dhamana ya meli haina thamani moja kila mahali. Msomaji aliyevutiwa na habari hizi asije akaamua kuifanya safari hii hii kutoka bandari ya Bergen. Wapo wafanyao hivyo. Kutoka Bergen mpaka Myrdal ni takriban saa 2 kwa gari la moshi; Myrdal mpaka Flåm saa 1; na kurudi vivyo hivyo. Zimekwisha saa 6 kabla ya kuhesabu kungoja, na gari la njia kubwa likichelewa utalikosa la njia ndogo. Meli ikikaa bandarini saa 9, akiba iliyobaki ni ya mtu asiye na watoto na asiye na wasiwasi, nami sikuona hata mmoja wa namna hiyo katika familia yangu. Ukiwa Bergen, chukua ile reli fupi ya kamba iitwayo Fløibanen, iliyofunguliwa mwaka 1918, ambayo hutoka katikati ya mji na kukufikisha kilele cha mlima Fløyen, kiasi cha mita 320, kwa dakika chache. Utauona mji wote, na meli yako chini ikikungoja. Vivyo hivyo katika Italia: abiria wa Civitavecchia hupenda kwenda Roma, na ni mwendo wa karibu kilometa 80. Hapo kununua dhamana si upumbavu. Na Skagway huko Alaska reli ya White Pass, iliyojengwa baina ya mwaka 1898 na 1900, huja mpaka gatini kama ya Flåm, na hesabu yake hufanana na ya Flåm. Lakini sehemu ya njia hiyo huvuka mpaka na kuingia Kanada, na mwenye kuipanda ajue tiketi yake humpeleka hadi wapi, na kama pasipoti yake yaruhusu.

Na ikiwa pamoja na tahadhari zote mtu ameachwa? Kabla ya kushuka, kila mtu mzima awe na pasipoti yake halisi mfukoni ikiwa meli haikuichukua, na kama meli imeichukua awe na picha yake katika simu. Dawa za siku mbili. Kadi ya benki, kwani Norwei fedha taslimu haitumiki sana. Na ile karatasi ya siku, maana juu yake huandikwa namba ya simu ya wakala wa meli katika bandari hiyo. Huyo ndiye wa kupigiwa kwanza, kabla ya kulaumiana. Familia ikiwa na zaidi ya mtu mzima mmoja, vitu hivi visiwekwe katika mkoba mmoja. Akiwa Flåm, na bandari inayofuata ikiwa ni Bergen, reli ile ile humfikisha Myrdal na kutoka hapo Bergen, naye aweza kuiwahi meli kesho yake. Bandari ikiwa nyingine, asianze safari kabla ya kusema na wakala.

Sisi tulirudi chini kabla ya saa 6 u nusu, na akiba yetu yote ilikuwa mkononi. Mkwe wangu aliitazama saa yake akasema tungeweza kulala saa moja zaidi. Kweli, tungeweza. Tukaitumia saa hiyo katika jengo la stesheni ya zamani, ambalo sasa ni makumbusho ya reli; humo mna picha za wachimbaji wa matundu, na vyombo vyao vya kazi, na mtu asipite Flåm bila kuingia humo kwa nusu saa baada ya kushuka mlimani, wala si kabla, kwa kuwa picha zile hufahamika vizuri zaidi kwa mtu aliyekwisha pita ndani ya giza la matundu yenyewe.